Katatonia: ugonjwa wa kuganda ambao waganga waliujua, wakaupoteza, kisha wakaurudia

Kwenye mlango wa dharura wa hospitali za mashariki mwa Kongo, kuna mgonjwa ambaye wauguzi wanamjua kwa sura kabla ya kulijua jina la ugonjwa wake. Analetwa kwa pikipiki, amekalishwa katikati ya dereva na ndugu yake ili asianguke. Hasemi. Macho yako wazi lakini hayamfuati mtu. Muuguzi akimuinua mkono ili apime tansio, mkono unabaki hewani hata kisha mashine kuondolewa. Hajala siku tatu, na maji anayopewa yanatoka pembeni ya mdomo. Mama yake anaeleza kwamba mambo yalianza kidogokidogo: kijana aliacha kuoga, akaacha kuitika akiitwa, kisha siku moja akasimama karibu na ukuta wa nyumba tangu asubuhi mpaka jua likashuka. Majirani wakasema amelogwa. Mara nyingi hospitali ni mlango wa pili ao wa tatu. Ule wa kwanza ulikuwa chumba cha maombi ao nyumba ya mganga wa kienyeji.

Ugonjwa huo unaitwa katatonia. Si mpya, na si wa Afrika peke yake. Waganga wa Ulaya waliueleza vizuri mwaka wa 1874, kisha wakauweka mahali pasipo pake kwa muda wa karibu miaka mia moja, na katika miaka hiyo wagonjwa wengi walipewa dawa inayozidisha ugonjwa wao. Kosa hilo halijaisha. Ndiyo maana inafaa kujua lilitoka wapi.

Aliyetoa jina ni Karl Ludwig Kahlbaum, Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1828. Vyuo vikuu havikumpa kiti cha uprofesa. Alienda kuongoza kliniki ya binafsi katika Görlitz, mji mdogo ambao leo uko kwenye mpaka wa Ujerumani na Poland. Huko alipata kitu ambacho maprofesa wengi hawakuwa nacho: nafasi ya kukaa na wagonjwa walewale muda mrefu. Pamoja na msaidizi wake Ewald Hecker, alifuata namna ugonjwa unavyoanza, unavyogeuka na unavyoisha, sawa na mganga wa homa anavyofuata joto la mwili siku kwa siku. Wakati ule wenzake wengi waliangalia tu hali ya mtu siku aliyoletwa, wakampa jina, wakafunga mlango.

Dalili alizoandika Kahlbaum ndizo zinazotafutwa mpaka leo. Mtu anakaa kimya, hata kama koo na masikio yake ni mazima. Anakaza macho mahali pamoja. Anashika mkao mmoja muda mrefu, hata ule unaochosha: amelala chali, lakini kichwa kimeinuka bila kugusa kitu, kama vile kuna mto usioonekana. Ukimkunja mkono, unakunjika polepole kama nta iliyopata moto, na unabaki namna ulivyouacha. Ukimwambia afungue mdomo, anaufunga zaidi. Mwingine anarudilia maneno yaleyale mara nyingi bila maana, mwingine anaiga kila unachosema ao unachofanya. Na kuna wale wasioganda hata kidogo: wanaruka, wanapiga kelele, wanavua nguo, bila lengo na bila kuchoka. Hao ndio wanaofungwa kamba, na ndio ambao ugonjwa wao unapita bila kuonekana, kwa sababu si rahisi kufikiri kwamba mtu anayeruka na mtu aliyekauka kama mti wana ugonjwa mmoja. Tena mtu mmoja anaweza kuwa hivi asubuhi na vile jioni.

Jambo lingine katika kitabu chake cha 1874 ndilo lililosahauliwa baadaye. Wagonjwa wake hawakuwa wa aina moja. Kuna walioanza kwa huzuni kubwa, kuna walioanza kwa furaha iliyopita kiasi, na kuna waliokuwa na ugonjwa mwingine wa mwili ao wa ubongo. Na wengi, alisema, waliweza kupona.

Lakini sauti ya mganga wa kliniki ndogo haifiki mbali kama ya profesa. Emil Kraepelin, aliyefundisha Heidelberg, alikuwa akipanga magonjwa yote ya akili katika kitabu chake cha mafunzo. Alichukua katatonia ya Kahlbaum, hebefrenia ya Hecker na ugonjwa wa kuona kwamba watu wanakutesa, akaviweka vyote chini ya jina moja: demensia prekoksi, maana yake akili inayoharibika mapema. Toleo la 1899 lilisambaza mpango huo duniani. Mwaka wa 1908 Mswisi Eugen Bleuler akaleta jina la skizofrenia, lakini sanduku lilibaki lilelile. Tangu hapo, mtu aliyeganda akawa mtu wa skizofrenia, basi. Sababu nyingine hazikutafutwa sana, na tumaini la kupona likapungua, kwa sababu Kraepelin alifundisha kwamba ugonjwa huo unaharibu akili moja kwa moja. Wagonjwa wakaachwa kwenye vitanda vya hospitali za wazimu miaka na miaka, wakilishwa kwa sonda.

Kosa la kupanga majina linaweza kuonekana kuwa dogo, kitu cha maprofesa kubishania. Kwa mtu aliyelala kwenye kitanda kile halikuwa dogo.

Jambo la kushangaza ni kwamba matibabu yalipatikana wakati sanduku lilikuwa bado limefungwa. Mwaka wa 1930, mganga William Bleckwenn wa Wisconsin, Marekani, aliandika kuhusu dawa ya usingizi, amobarbitali, aliyoiingiza polepole ndani ya mshipa wa watu walioganda. Badala ya kulala, waliamka. Waliongea, walikula, walijibu maswali. Kisha saa chache dawa iliisha mwilini na wakaganda tena. Bleckwenn alitengeneza hata filamu ya mambo hayo. Dawa ya kulaza inaamsha: ni kama kinyume cha akili, na labda ndiyo sababu wengi waliiangalia kama ajabu tu, wakaipita.

Mwaka wa 1934 mambo mawili yalitokea. Mjerumani Karl Heinz Stauder alieleza vijana walioshikwa na katatonia ya ghafla, wakapata homa kali, mwili ukakaza, wakafa kwa siku chache. Aliita jambo hilo katatonia ya kifo. Na katika mji wa Budapest, Hungaria, mganga Ladislas Meduna alimchoma mgonjwa sindano ya kafuri ili kumletea kifafa kwa makusudi. Mtu huyo alikuwa ameganda miaka minne. Meduna aliamini kwamba kifafa na skizofrenia ni maadui, moja ikiingia nyingine inatoka. Kisha sindano tano hivi, kama alivyosimulia yeye mwenyewe baadaye, mgonjwa aliinuka kitandani, akaomba chakula, akauliza amekaa pale muda gani. Hadithi ya mtu anayesimulia ushindi wake mwenyewe isikilizwe kwa sikio moja. Tena wazo lake lilikuwa na kosa: magonjwa hayo mawili si maadui, mtu anaweza kuwa nayo yote. Hata hivyo, kati ya magonjwa yote ya akili, katatonia ndiyo iliyokuja kuonekana kuwa inasikia matibabu hayo kuliko mengine, na Meduna alikuwa ameanza nayo bila kujua bahati yake.

Kafuri ilikuwa mbaya. Mgonjwa alingoja kifafa kwa hofu bila kujua kitamkuta saa gani. Ndipo katika mwezi wa 4 mwaka wa 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walitumia umeme kwa mara ya kwanza. Cerletti alikuwa ameona namna nguruwe walivyopigwa umeme kwenye machinjio. Miaka ile ya kwanza watu walipitishwa umeme wakiwa macho, bila dawa ya kulegeza misuli, na wengine walivunjika mifupa. Hofu ambayo watu wengi wanayo mpaka sasa juu ya umeme wa kichwani inatoka huko, na ina haki. Leo mgonjwa analazwa usingizi kwanza, misuli inalegezwa, na anayeangalia anaona vidole vya mguu vikitikisika tu.

Kisha zikaja dawa za vidonge, na hapa historia inagusa kila kituo cha afya cha Kongo.

Mwaka wa 1952, kwenye hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walianza kutumia klorpromazini kwa wagonjwa wa akili. Mwaka wa 1958, maabara ya Paul Janssen katika Beerse, Ubelgiji, ikatoa haloperidoli. Dawa hizo zilifungua milango ya hospitali za wazimu. Waliokuwa wakisikia sauti na kupigana na watu wasioonekana walitulia, wengi wakarudi nyumbani. Hakuna anayeweza kukana faida hiyo. Lakini kwenye maabara, moja ya njia za kujua kama dawa mpya ya namna hiyo ina nguvu ilikuwa kuipa panya na kuangalia kama panya anaganda. Mnyama anawekwa miguu ya mbele juu ya kijiti, na anabaki pale pale. Basi dawa iliyochaguliwa kwa sababu inagandisha panya ilipewa mtu ambaye tayari ameganda.

Matokeo hayakukawia. Mwaka wa 1960, mwaka uleule Kongo ilipopata uhuru, Delay na wenzake wakaandika kuhusu wagonjwa waliopewa haloperidoli wakapata homa kali, misuli ikakaza kama ubao, jasho likatoka, mapigo ya moyo yakaenda mbio. Wafaransa waliita hali hiyo hatari ya dawa za neuroleptike kwa neno linalomaanisha kitu kibaya chenye kuua. Ukisoma maelezo yao ukalinganisha na yale ya Stauder ya 1934, ni shida kutofautisha. Waganga wengi leo wanaona kwamba ni ndugu wa karibu, na mtu mwenye katatonia akipewa dawa hizo yuko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko mtu mwingine.

Mlango wa sanduku ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1970. Waamerika Richard Abrams na Michael Alan Taylor walifuata wagonjwa 55 wenye dalili za katatonia, na mwaka wa 1976 wakatangaza walichokiona: zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa wa furaha na huzuni kupita kiasi, na wenye skizofrenia walikuwa wachache sana. Kahlbaum alikuwa na haki. Mnamo mwaka wa 1983 zikaanza kutokea ripoti za lorazepamu, dawa ya ukoo mmoja na diazepamu, iliyofanya kazi ileile ya amobarbitali ya Bleckwenn lakini kwa hatari ndogo zaidi ya kuzima pumzi. Mgonjwa anachomwa miligramu 1 ao 2 ndani ya mshipa, polepole, mtu akiangalia pumzi yake. Kisha dakika tano mpaka kumi anachunguzwa upya. Kwa wengi, shingo inalegea, macho yanageuka, na neno la kwanza linatoka. Mara nyingi wanaomba maji.

Mwaka wa 1996, George Bush, Max Fink, Andrew Francis na wenzao wakatoa orodha ya dalili 23 ambayo mganga yeyote anaweza kuitumia bila mashine. Dalili 14 za kwanza ndizo za kuchuja. Mbili zikionekana, fikiria katatonia. Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache na unafanana na mchezo wa watoto: kunja mkono wa mgonjwa uone kama unabaki, jikune kichwa chako uone kama anaiga, mnyooshee mkono wa salamu huku ukimwambia asiushike, uone kama anaushika bila kutaka. Kisha uliza wauguzi: anakula? anakunywa? anakojoa? Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, limeitoa katatonia chini ya skizofrenia na kuipa nafasi yake. Ilikuwa imepita miaka 148 tangu kitabu cha Görlitz.

Kongo ina mafundi wa kazi hii. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, Kinshasa kuna kituo kikubwa cha CNPP, na Lubumbashi kuna kituo chenye jina la Joseph Guislain, mganga Mbelgiji aliyefanya kazi na Mafrere wa Charité katika mji wa Gent ili wagonjwa wa akili watolewe minyororo. Lakini wengi wa wagonjwa wa kuganda hawafiki kwanza huko. Wanafika kwenye kituo cha afya cha zone yao, usiku, mbele ya muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengine ishirini.

Muuguzi huyo anapomwona mtu asiyesema, hatari kubwa ya kwanza si akili. Ni maji. Mtu asiyekunywa siku tatu figo zake zinaanza kushindwa. Mtu asiyejigeuza kitandani damu yake inaganda ndani ya mishipa ya miguu, na bonge moja likipanda mpaka kwenye mapafu linaweza kumuua ghafla. Chakula kinacholazimishwa mdomoni kinaingia kwenye mapafu badala ya tumbo. Kwa hiyo serumu, sonda, kumgeuza mara kwa mara, kumkunjua miguu, na kupima homa ni matibabu ya katatonia sawa na sindano yoyote. Homa ikipanda na mwili ukakaza, ni safari ya hospitali kuu usiku uleule, si kesho.

Kisha sababu itafutwe, na hapa Kongo ina mambo ambayo vitabu vya Marekani vinayapita haraka. Malaria ikiingia kwenye ubongo inaweza kugandisha mtu. Tifoidi pia. Mutemutemu wa virusi vya ukimwi ndani ya kichwa, kifafa ambacho mwili hautikisiki, sukari iliyoshuka, kuacha pombe ghafla. Katika majimbo ambamo inzi wa tse-tse anauma bado, ugonjwa wa usingizi ukifika kwenye ubongo unabadilisha tabia ya mtu kabla hajaanza kulala mchana, na wengi wameitwa wenye wazimu kwa sababu hiyo. Tangu mwaka wa 2007, kutokana na kazi ya Mhispania Josep Dalmau, inajulikana pia kwamba kuna ugonjwa ambamo kinga ya mwili inashambulia ubongo. Unawashika sana wasichana na wanawake vijana, wanaanza kusema mambo yasiyoeleweka, kisha wanaganda. Huo pia ulikuwa ukiitwa pepo, na unatibika.

Kinachofanyika mara nyingi usiku ule ni kingine. Mgonjwa anaonekana wa ajabu, basi anapewa haloperidoli, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kabati na ndiyo iliyofundishwa kwa kila mwenye ugonjwa wa akili. Kesho yake amekakamaa zaidi. Kipimo kinaongezwa. Na kwenye chumba cha maombi jambo ni la namna hiyohiyo, ijapokuwa nia ni nzuri: mtu ambaye tayari hali wala hanywi anafungishwa siku saba ili pepo bubu atoke. Kuomba hakujawahi kumuua mtu mwenye katatonia. Kiu, ndiyo.

Waliopona wanasimulia jambo ambalo jamaa hawalitazamii: walikuwa wakisikia. Mara nyingi walijua nani aliingia chumbani, nani alilia, nani alisema kwamba huyu amekwisha, tutafute pesa za sanduku. Wengi wanasema walikuwa na hofu kubwa isiyo na kipimo, kama mnyama anayeganda mbele ya simba, na hawakuweza kuinua hata kidole kuonyesha kwamba wako pale. Kwa hiyo wauguzi waliozoea wagonjwa hawa wanawaongelesha wakati wote, wakiwaambia sasa nakugeuza, sasa nachoma sindano, mama yako yuko nje anapika.

Lorazepamu ya sindano ni shida kuipata katika zone nyingi za afya. Inaharibika haraka ikikosa friji. Mashine ya umeme, kwa wale ambao sindano haiwasaidii, iko mbali zaidi. Lakini diazepamu inafanya kazi hiyohiyo kwa wengi, ikitolewa na mganga anayejua kipimo na anayeangalia pumzi. Ampuli zake kwa kawaida ziko kwenye kabati moja na haloperidoli, kwenye kisanduku cha dawa za watoto wenye degedege la malaria.